Msimbo wa QR: Mwenye Kuubandika Ndiye wa Kuulizwa Kwanza

Mwezi Januari, 2022, polisi wa mji wa Austin, katika jimbo la Texas nchini Marekani, walitangaza kwamba vibandiko vyenye msimbo wa QR vimekutwa kwenye mita 29 za kulipia maegesho ya magari. Dereva aliyeelekeza kamera ya simu yake kwenye kibandiko hicho alipelekwa kwenye ukurasa wa intaneti uliomtaka alipe ada ya maegesho kwa kuandika namba za kadi yake ya benki. Ukurasa ulikuwa nadhifu na maneno yake yalikuwa ya adabu. Lakini ada haikufika katika hazina ya mji, kwa kuwa ukurasa ule ulikuwa wa wezi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, yaani Desemba 2021, mji wa San Antonio katika jimbo hilo hilo ulikuwa umekwisha kukuta vibandiko vya namna hiyo kwenye mita zaidi ya 100.

Kilichopaswa kuwashtua watu katika kisa hicho si werevu wa wezi. Jambo la kushtua ni kwamba mji wa Austin haukuwa ukitumia misimbo ya QR kwenye mita zake hata kidogo. Dereva alilipa kwa sarafu, kwa kadi, au kwa programu maalumu ya simu. Wezi, basi, hawakughushi huduma iliyokuwapo. Walibuni huduma isiyokuwapo, na watu wakaiamini bila kuuliza, kwa sababu walikuwa wamekwisha zoea kuona miraba ile myeusi na myeupe mikahawani, hospitalini na vituoni. Mazoea ndiyo yaliyoibiwa kwanza, fedha zikafuata. Tarehe 18 Januari ya mwaka huo huo Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kwamba wahalifu wanaichezea misimbo hiyo ili kuwaibia watu fedha na siri zao.

Yumkini yuko mtumishi wa serikali au mwalimu atakayesoma habari hizo na kusema kwamba hayo ni mambo ya Marekani. Haitamchukua muda mrefu kugundua kwamba sivyo. Na atie mkono mfukoni na kuitoa risiti ya mwisho aliyopewa dukani. Ikiwa ni risiti halali ya mashine ya kodi, atakuta chini yake mraba ule ule, uliowekwa ili mnunuzi aweze kuhakiki kwa simu yake kwamba mauzo yale yameandikishwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Aende kwenye duka la dawa, atakuta kibao cha kulipia kwa simu chenye namba ya mfanyabiashara na mraba kando yake. Benki Kuu ya Tanzania imekwisha kuweka kanuni moja ya taifa ya misimbo ya malipo, iitwayo TANQR, ili mwenye akaunti ya mtandao huu aweze kumlipa mwenye akaunti ya mtandao ule. Kenya nayo ilizindua kanuni yake mwaka 2023. Mraba huu umeingia sokoni, ofisini na shuleni, na hautatoka.

Ni vema, kabla ya kuendelea, ifahamike msimbo huu ni kitu gani, maana kitu kisichofahamika ama huogopwa kupita kiasi au huaminiwa kupita kiasi. Ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na Bw. Masahiro Hara pamoja na wenzake, katika kitengo ambacho leo ni kampuni ya Denso Wave. Haja iliyokuwapo ilikuwa ya kiwandani tu: kufuatilia vipuri vya magari. Misimbo ya mistari iliyokuwa ikitumika ilibeba tarakimu chache mno, wakati msimbo mpya uliweza kubeba hadi tarakimu 7,089. Ile miraba mitatu mikubwa iliyo pembeni huiambia kamera msimbo umekaa upande gani, hata ukiwa umepinduliwa. Na ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha, husomeka hata kama sehemu yake ipatayo asilimia 30 imechafuka kwa mafuta au imechanika. Waliobuni walikuwa na hataza yake, lakini waliamua kutowatoza watu kwa kuutumia. Ukaenea dunia nzima.

Yafaa litiliwe mkazo neno hilo, kiwandani. Katika kiwanda, aliyebandika msimbo alijulikana, na aliyeusoma alijulikana. Wote wawili walikuwa watumishi wa kampuni moja, na mlangoni kulikuwa na mlinzi. Hapakuwa na sababu ya kuutengenezea msimbo njia ya kumtambulisha mwenyewe. Kisha chombo hicho kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoaminiana kikatolewa mtaani, penye watu wasiojuana, bila kuongezewa hata alama moja ya kuonyesha ni nani aliyekiandika. Mtu yeyote mwenye simu aweza kutengeneza msimbo wa QR katika muda wa dakika moja, bila leseni na bila kulipa senti. Hakuna muhuri wala saini juu yake. Msimbo wa wizara na msimbo wa tapeli hufanana kama punje mbili za mchele.

Hata hivyo, msimbo wenyewe hauna sumu. Ni maandishi tu yaliyochorwa kwa namna ambayo mashine huyasoma. Aghalabu maandishi hayo ni anwani ya tovuti, lakini yaweza pia kuwa namba ya simu itakayopigwa, ujumbe mfupi ulio tayari kutumwa, au neno la siri la kujiunga na mtandao wa intaneti wa hotelini. Kuelekeza kamera na kuyasoma hakumdhuru mtu. Madhara huanza pale mtu anapobonyeza ili kufungua, na hukamilika pale anapoandika namba yake ya siri, anapokubali kupakua programu asiyoijua, au anapoidhinisha malipo. Kati ya kusoma na kufungua pana nafasi ndogo, sekunde tatu au nne hivi, na ulinzi wote wa mwananchi umo katika nafasi hiyo. Wezi wanalijua hilo. Ndiyo maana vibandiko vyao hupenda maneno ya haraka: lipa sasa, faini inaongezeka, akaunti itafungwa leo.

Walimu wa nchi hii wana sababu yao pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamia kwa maelfu ya wakulima na akina mama walikaa chini ya miembe na katika madarasa ya jioni wakijifunza kusoma. Kisomo kile kiliitwa chenye manufaa kwa kuwa kilikusudiwa kumwezesha mtu kusoma mizani ya pamba yake mwenyewe, risiti ya chama cha ushirika na barua ya mwanawe, asidanganywe na karani. Leo mzee yule yule, au mjukuu wake, anawekewa ukutani maandishi ambayo hapana binadamu awezaye kuyasoma kwa macho. Profesa na asiyejua kusoma wamekuwa sawa mbele ya mraba huo. Wote wawili huona madoadoa. Kwa hiyo anayeweka maandishi hayo mbele ya umma anadaiwa jambo ambalo mwandishi wa barua ya kawaida hadaiwi: ayaseme pia kwa herufi ambazo mtu huzisoma.

Lakini kwanza litazamwe jukumu la msomaji, maana halikosekani.

Msimbo uliobandikwa mahali pa wazi hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Kibandiko juu ya kibandiko huacha ukingo, na ukucha huujua ukingo huo upesi. Karatasi iliyo mpya juu ya kibao kilichopauka, nembo iliyochapwa kwa rangi hafifu, tangazo lisilo na jina la ofisi wala namba ya simu, hayo yote yatosha kumfanya mtu aingie ndani na kumwuliza mhusika. Kuuliza hakugharimu kitu. Kisha, simu nyingi za siku hizi huonyesha anwani ya tovuti juu ya kioo kabla ya kuifungua. Na hapo ndipo penye kazi ya kusoma hasa, kazi ambayo watu wengi, hata waliosoma sana, hawakufundishwa kamwe.

Jina la tovuti husomwa toka kulia kwenda kushoto. Msomaji na atafute mahali jina linapoishia, yaani kabla ya mkwaju wa kwanza ulio peke yake, kisha arudi nyuma. Maneno mawili au matatu ya mwisho ndiyo yanayomtaja mwenye nyumba. Yaliyotangulia ni majina ya vyumba tu, na mwenye nyumba aweza kukiita chumba chake jina lolote apendalo. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia majina yanayoishia na go.tz. Basi jina likianza na neno wizara, likafuatiwa na go.tz katikati, kisha likaendelea mbele kwa maneno mengine na kuishia com, hiyo si tovuti ya wizara. Ni nyumba ya mtu mwingine iliyoandikwa wizara mlangoni. Kadhalika herufi moja iliyobadilishwa, sifuri mahali pa herufi o, au kistari kilichopachikwa kati ya maneno mawili, hutosha kuwa nyumba nyingine kabisa. Somo hilo lafundishika kwa ubao na chaki katika muda wa kipindi kimoja, bila kompyuta hata moja darasani, na itakuwa ajabu kama wanafunzi wa kidato cha pili hawatalipenda.

Ipo imani moja iliyoenea ambayo yafaa iondolewe. Watu wengi wameambiwa kwamba alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani ni uthibitisho kwamba tovuti ni ya kweli. Sivyo. Kufuli hilo maana yake ni kwamba mazungumzo baina ya simu na tovuti yamefungwa ili mtu wa tatu asisikilize. Halisemi chochote juu ya uaminifu wa tovuti yenyewe. Tapeli naye aweza kulipata kufuli hilo bila malipo, na mara nyingi hulipata.

Imani nyingine ni kwamba ili kujikinga mtu hana budi kupakua programu ya pekee ya kusomea misimbo. Katika onyo lake la mwaka 2022 FBI ilishauri kinyume chake, kwamba kamera ya simu yatosha. Ushauri huo una msingi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 iligunduliwa kwamba programu moja ya kusomea misimbo katika simu za Android, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10 na kutumiwa kwa uaminifu kwa miaka, iligeuzwa kwa sasisho moja tu kuwa chombo cha kuwafungulia watu matangazo wasiyoyataka. Google iliiondoa dukani kwake, lakini ilibaki ndani ya simu za walioipakua mpaka walipoiondoa wenyewe.

Kwa mtumishi wa serikali iko hatari nyingine isiyomhusu sana mwenye duka. Tangu mwaka 2023 wataalamu wa ulinzi wa barua pepe wamekuwa wakieleza kuongezeka kwa barua za ulaghai ambazo ndani yake hamna kiungo cha kubonyeza, bali picha ya msimbo wa QR. Hila yake ni nyepesi kuielewa. Mitambo inayochuja barua za ofisini ilizoea kusoma viungo vilivyoandikwa na kuvizuia vile vibaya. Picha ilipita kwa urahisi zaidi. Tena, mtumishi anayeuona msimbo huo kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi huchukua simu yake mwenyewe ili kuusoma, na kwa kitendo hicho huwa amekwisha toka nje ya ua uliojengwa na wataalamu wa ofisi yake. Barua husema kwamba neno lake la siri linakwisha muda, au kwamba kuna waraka wa mshahara unaomsubiri. Anaandika jina na neno la siri la ofisi katika simu ya nyumbani. Siku ya pili mtu mwingine anasoma majalada.

Iko na hila ya kuunganisha akaunti. Programu za ujumbe kama WhatsApp na Signal humruhusu mtu kuiunganisha akaunti yake na kompyuta kwa kusoma msimbo wa QR. Mwezi Februari, 2025, watafiti wa Google walieleza jinsi makundi yenye uhusiano na Urusi yalivyokuwa yakiwapelekea watu misimbo iliyofanywa ionekane kama mwaliko wa kujiunga na kundi, kumbe ni ya kuiunganisha akaunti ya msomaji na chombo cha mpelelezi. Aliyeingia katika mtego huo hakupoteza akaunti yake. Aliendelea kuitumia kama kawaida, ila kila alichoandikiwa kilisomwa na wawili. Ofisi ambazo shughuli zake hupangwa ndani ya makundi ya WhatsApp, na si siri kwamba ziko nyingi, zingefanya vema kuwataka watumishi wake wafungue mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa kila wasichokitambua.

Hayo ndiyo ya msomaji. Ni mengi, na kwa kweli yamekwisha kuwa mengi mno. Kila taasisi inayoonya juu ya misimbo ya QR humwelekea mwananchi: tazama, hakiki, usibonyeze, kuwa macho. Mwananchi ana shamba, ana foleni, ana mtoto mgongoni. Ukiyaorodhesha maonyo yote aliyopewa juu ya simu yake utapata kitabu. Na anapoibiwa, swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini hakutazama anwani. Ni nadra kuulizwa yule aliyeuweka ubao ule hadharani na kuuacha miezi sita bila mtu wa kuukagua.

Kisa cha chupa za Heinz chafundisha. Kampuni hiyo ya vyakula ilifanya shindano katika Ujerumani kati ya mwaka 2012 na 2014, ikachapa kwenye chupa za mchuzi wake wa nyanya msimbo wa kuwapeleka wateja kwenye tovuti ya shindano. Shindano lilipokwisha, kampuni haikuendelea kulilipia jina la tovuti ile. Jina likanunuliwa na wengine. Mwaka 2015 mteja mmoja aliusoma msimbo akiwa mezani kwake na kujikuta kwenye tovuti ya picha za ngono. Hapakuwa na kibandiko bandia. Chupa ilikuwa halisi, msimbo ulikuwa halisi, na mteja angeweza kuusugua kwa ukucha hadi jioni asione kasoro yoyote. Kampuni iliomba radhi. Aliyefanya uzembe alikuwa mwenye msimbo.

Sasa na ifikiriwe idara inayochapa mabango ya kampeni ya afya au ya sensa, yenye msimbo unaopeleka kwenye tovuti iliyofunguliwa na mkandarasi kwa jina lake mwenyewe. Mkataba unakwisha, mkandarasi anaondoka, mabango yanabaki katika zahanati miaka mitano. Ni nani anayelipa ada ya jina lile mwaka wa tatu? Hali huwa mbaya zaidi pale msimbo unapopitia katika huduma za kufupisha anwani, kwa maana mraba uliochapwa hubaki ule ule lakini mahali unapopeleka huweza kubadilishwa wakati wowote na yeyote anayeishika akaunti ya huduma hiyo. Afisa aliyeifungua kwa barua pepe yake binafsi akihamishwa kituo, ofisi imepoteza ufunguo wa tangazo lake yenyewe.

Uchina ililiona tatizo hili mapema kuliko nchi nyingi, kwa sababu huko watu walianza mapema kulipia hata mboga za sokoni kwa misimbo. Wezi walikuwa wakibandika misimbo yao juu ya ile ya wauza mboga, na muuzaji hakujua kitu mpaka alipohesabu fedha zake. Benki Kuu ya nchi hiyo haikukomea katika kuwahimiza wananchi wawe macho. Kuanzia tarehe 1 Aprili, 2018, iliweka ukomo wa yuan 500 kwa siku kwa malipo ya mteja yanayofanywa kwa msimbo uliochapwa usiobadilika, na kuruhusu viwango vya juu zaidi kwa misimbo inayozalishwa upya na mashine kwa kila malipo na yenye ulinzi mkubwa zaidi. Waweza kuukosoa ukomo huo kwamba uliwasumbua wafanyabiashara. Lakini ulikuwa na sifa moja: ulipunguza hasara ya mnyonge bila kumtaka awe mtaalamu wa kompyuta.

Hapa nchini mlipaji wa kwa simu ana kinga moja nzuri ambayo haitumiwi ipasavyo. Kabla ya kuandika namba ya siri, simu humwonyesha jina la anayelipwa. Jina hilo ndilo hakiki kuliko mraba wowote. Likitokea jina la mtu binafsi mahali palipotarajiwa jina la duka au la taasisi, malipo yasimame hapo hapo mpaka muuzaji aeleze. Kwa bahati mbaya kuna wafanyabiashara, na si wezi, wanaotumia laini ya shemeji au ya kijana wa dukani, na kwa kufanya hivyo wanamzoeza mteja kupuuza jina asilolijua. Mtindo huo ni mlango uliofunguliwa kwa ajili ya matapeli, na wenye mamlaka ya biashara wana haki ya kuukemea.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuuepuka msimbo kabisa. Hilo halikubaliki. Msimbo wa risiti ya kodi umempa mnunuzi wa kawaida uwezo ambao hakuwa nao, wa kujua kama kodi aliyoitoa mfukoni mwake imeandikishwa au imebaki kwa mwenye duka. Ni chombo cha umma dhidi ya mkwepa kodi. Ila nacho kina udhaifu wake: mwenye kughushi risiti aweza kughushi na mraba, ukapeleka kwenye ukurasa uliofanywa ufanane na wa Mamlaka, wenye kusema kila kitu ni sawa. Kwa hiyo mwenye shaka na aiandike anwani ya uhakiki kwa mkono wake mwenyewe, verify.tra.go.tz, kisha aingize namba za risiti. Kazi hiyo humchukua dakika moja zaidi.

Kinachotakiwa ofisini na shuleni si kikubwa. Chini ya kila msimbo paandikwe kwa herufi za kusomeka anwani unakopeleka, jina la ofisi yenyewe, na namba ya simu ya kuuliza, ili mwenye shaka awe na cha kulinganisha. Anwani hiyo iwe ya taasisi yenyewe wala isiwe ya mkandarasi. Msimbo wa malipo uwekwe nyuma ya kioo, au uchapwe ndani ya tangazo lenyewe; usiwe kikaratasi kilichogandishwa kwa gundi ambacho chochote chaweza kugandishwa juu yake. Tangazo lililopitwa na wakati liondolewe. Na mwalimu mkuu anayetaka wazazi walipe michango kwa njia ya simu awaambie katika mkutano, kwa kinywa chake, jina litakalotokea kwenye simu zao, maana msimbo unaorushwa katika kundi la wazazi usiku wa manane hauna njia nyingine ya kujulikana ni wa nani. Mzazi asiye na simu ya namna hiyo abaki na njia yake ya zamani ya kulipa kwa namba ya kumbukumbu, bila kuonekana mshamba.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Namba 15040 ipo kwa ajili ya kupeleka namba za simu za matapeli. Lakini sheria huja baada ya fedha kuondoka, na anayeifahamu njia ya fedha za simu anajua jinsi zinavyokwenda mbio.

Katika mwaka 2023 ilitangazwa Uingereza habari ya mama mmoja wa miaka 71 aliyesoma msimbo wa maegesho katika kituo cha reli cha Thornaby, kaskazini mwa nchi hiyo. Wezi walikuwa wameubandika wa kwao juu ya ule wa kituo. Benki yake ilizuia malipo ya kwanza yaliyojaribiwa kwa kadi yake. Ndipo wezi wakampigia simu wakijifanya watumishi wa benki waliokuja kumsaidia, hila ambayo kila Mtanzania aliyewahi kupokea ujumbe wa kutuma ile hela kwenye namba nyingine ataitambua kwa harufu. Alipoteza pauni 13,000. Kampuni iliyoendesha kituo kile iliamua kuiondoa misimbo ya QR katika maegesho ya vituo vyake vyote. Ilifanya hivyo baada ya yule mama kuibiwa. Mpaka siku ile, vibao vilikuwa vimesimama pale usiku na mchana, na hapakuwa na mtu aliyepangiwa zamu ya kuvitazama.